Dawa ulizoandikiwa na daktari na kipimo cha mkojo kabla ya kuajiriwa Marekani: haki zako, na wakati wa kusema

#1 Mto_Ruvu

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa ndugu zetu walioko Marekani na wanaojiandaa kwenda: madereva wa semi, wa maghala, wanaolea wazee, wa viwanda vya nyama. Kazi nyingi za namna hiyo zina kipimo cha mkojo kabla hujaanza. Kinachosikitisha ni mtu anayetumia dawa halali, tena ana cheti cha daktari, halafu anakosa kazi kwa kuwa aliitaja dawa mahali pasipostahili, au simu ya daktari ilipigwa akaikata akidhani ni matapeli.

Tuanze na sheria yenyewe. Inaitwa ADA, ya mwaka 1990, inayowalinda watu wenye ulemavu na maradhi. Inambana mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi. Safari ya kuajiriwa imegawanywa vipande vitatu, na kila kipande kina maswali yake.

Kabla ya ofa, mwajiri haruhusiwi kukuuliza unaumwa nini wala unatumia dawa gani za hospitali. Fomu ya maombi yenye mstari "taja dawa zote unazotumia" imevunja sheria. Ila watu wanachanganya jambo moja hapa: kipimo cha dawa za kulevya hakihesabiwi na ADA kuwa uchunguzi wa afya. Kwa hiyo sheria ya shirikisho haimzuii kukupima hata kabla ya ofa, ingawa baadhi ya majimbo yanamzuia. Na majibu yakitoka chanya, hapo mlango unafunguka: anaweza kuuliza kama kuna dawa halali iliyosababisha.

Ukishapewa ofa yenye masharti, anaweza kuuliza afya yako yote na dawa zako zote, mradi anawauliza hivyo hivyo wote wanaoingia kazi ya aina hiyo. Hapa usidanganye. Ukificha halafu ikagundulika, watakuondoa kwa kosa la kudanganya na kesi yako itakuwa nyepesi sana. Akitaka kukunyang'anya ofa kwa sababu ya dawa, jina la dawa peke yake halimtoshi. Aonyeshe kwamba kazi hii huiwezi hata ukifanyiwa marekebisho ya kawaida, au kwamba utahatarisha usalama kweli kweli. Hatari hiyo inapimwa kwa mambo manne: itadumu muda gani, madhara yake ni makubwa kiasi gani, uwezekano wa kutokea ukoje, na iko karibu kiasi gani. Yote hayo yaangaliwe kwako wewe, kwa dozi yako na kazi yako.

Kuna mfano ulio wazi. Volvo Group North America ilishtakiwa na EEOC, tume ya serikali inayosimamia haki za ajira, kwa kumkatalia mwombaji kazi kiwandani Hagerstown, Maryland, kwa sababu alikuwa kwenye Suboxone, dawa ya kutibu uraibu wa opioidi, aliyoandikiwa na daktari. Kesi iliisha mwaka 2018 kwa kampuni kulipa dola 70,000 na kukubali kubadili taratibu zake. Methadoni, na buprenofini iliyomo ndani ya Suboxone, zikiwa za cheti ni dawa halali kama ya presha. Msikubali mtu akawaambia "hapa hatuchukui watu wa methadoni" kama vile ndiyo mwisho wa maneno.

Ukishaanza kazi, maswali yanabanwa tena. Mwajiri auliza dawa pale tu anapokuwa na sababu inayotokana na kazi yenyewe. Na chochote cha afya yako alichokipata kikae faili la peke yake, mbali na faili la utumishi. Msimamizi wako wa zamu hana haja ya kujua unameza nini.

#2 Kisu_Kikali

Mkuu, hapo kwenye "mahali pasipostahili" sikubaliani nawe. Mimi naona bora kusema mapema. Ukifika kliniki mwambie yule mhudumu wa mkojo natumia dawa fulani, aandike kwenye fomu. Ukikaa kimya halafu majibu yakatoka chanya, unaonekana mwongo unayejitetea baada ya kukamatwa.

#3 Mto_Ruvu

Kisu, nakuelewa, kwa akili ya kawaida ndivyo inavyoonekana. Lakini tazama kazi ya yule mhudumu. Yeye si daktari, na hana uamuzi wowote juu ya majibu. Ukimwambia dawa yako, haiendi popote panapokusaidia. Akiiandika kwenye fomu, inaweza kumfikia mwajiri ambaye hakupaswa kuijua.

Kwa vipimo vya kazi za uchukuzi, fomu ina nakala tano. Ya kwanza inaenda maabara, ya pili kwa daktari mhakiki, ya tatu inabaki kwa mhudumu, ya nne kwa mwajiri, ya tano ni yako. Nyuma ya nakala ya tano kumeandikwa wazi kwamba ukitaka unaweza kuorodhesha dawa zako hapo au kwenye karatasi ya pembeni, ziwe kumbukumbu yako, na usiandike nyuma ya nakala nyingine yoyote. Andika nyumbani, polepole: jina la dawa, miligramu, tarehe uliyomeza mwisho, daktari, simu ya famasia.

Mtu wa kuelezwa ni daktari mhakiki, kwenye makaratasi anaandikwa MRO. Yeye hupokea majibu ya maabara kabla ya mwajiri. Maabara ikisema chanya, bado si chanya mpaka MRO azungumze nawe. Ukimwonyesha cheti halali naye akaridhika, kwa mwajiri linafika neno moja: hasi. Jina la dawa halifiki, isipokuwa MRO akiona linagusa usalama wa kazi. Hiyo ndiyo sababu nasema usiwe wa kwanza kuitaja dawa, ila uwe wa kwanza kupokea simu.

Na kuhusu kuonekana mwongo: MRO hana sababu ya kukushangaa kwa kutosema mapema. Mfumo wenyewe umejengwa hivyo.

#4 Semi_Trela

Naongezea upande wa CDL, leseni ya malori makubwa, maana huku kanuni ni moja nchi nzima (zinaitwa Part 40) na haijalishi kampuni ina lori moja au elfu.

Wanapima makundi matano: bangi, kokeini, amfetamini, opioidi na PCP (dawa ya kulevya ya kutengenezwa). Kwa mwenye dawa za cheti, mawili ndiyo ya kuangalia. Amfetamini, kwa sababu Adderall, dawa ya tatizo la umakini, ni amfetamini yenyewe. Ritalin siyo, haitoki kwenye kundi hilo. Na opioidi, ambako tangu Januari 1, 2018 waliongeza haidrokodoni, haidromofoni, oksikodoni na oksimofoni juu ya kodeini, mofini na alama ya heroini.

Viwango si sawa, na watu wanapotea hapa. Kodeini na mofini lazima zifike nanogramu 2,000 kwa mililita ndipo ihesabiwe. Oksikodoni inatosha 100 tu. Haidrokodoni inachujwa kwa 300 na kuthibitishwa kwa 100. Kwa hiyo nusu kidonge cha oksikodoni ulichomeza jana kwa ajili ya jino kinaweza kuonekana bila shida. Usijidanganye kwamba ni kidogo.

Siku ya kipimo: wanataka mililita 45, 30 kwenye chupa ya kwanza na 15 kwenye ya pili. Mkojo unapimwa joto ndani ya dakika 4, lazima uwe kati ya nyuzi 32 na 38 za Selsiasi. Hakikisha chupa zinafungwa lakiri mbele ya macho yako kabla hujasaini. Ukishindwa kutoa mkojo wa kutosha una saa 3 na unaweza kunywa mpaka aunsi 40 za kinywaji, kama lita 1.2. Usiondoke katikati. Kwa kipimo cha kuajiriwa, ukiondoka kabla zoezi halijaanza haihesabiwi kukataa. Ukishakabidhiwa kikombe ukatoka, umekataa, na kukataa ni sawa na chanya: jina linaingia kwenye Clearinghouse, ile hazina ya kumbukumbu iliyoanza Januari 6, 2020 ambayo kila kampuni ya malori lazima iiangalie kabla ya kukuajiri. Kutoka humo ni safari ndefu ya mshauri, matibabu na vipimo vya kurudia, na tangu Novemba 2024 jimbo linakushushia leseni mpaka umalize.

Kosa jingine ni kunywa maji kupita kiasi asubuhi yake. Kreatinini, kemikali ya kawaida ya mkojo, ikiwa chini ya 2 wanasema huo si mkojo wa binadamu, na hiyo nayo ni kukataa. Ikiwa kati ya 2 na 5 unarudishwa kupimwa upya, mtu amesimama anakutazama. Kunywa maji kama siku zote.

Saa za MRO sasa, hizi zikaririni. MRO anajaribu kukupata angalau mara tatu ndani ya saa 24, kwa namba za mchana na jioni ulizoandika kwenye fomu. Akikukosa anamwambia mwakilishi wa kampuni akutafute. Mwakilishi akishakupata, una saa 72 za kumpigia MRO. Zikipita bila kupiga, anaruhusiwa kuandika chanya hata kama una cheti mfukoni. Andika namba ya simu inayopokelewa kweli. Voisimeli iliyojaa imewakosesha watu kazi.

Ukiongea naye, kabla hajauliza mambo ya afya lazima akuonye kwamba baadhi ya utakayosema anaweza kulazimika kuyapeleka kwingine ikiwa yanagusa usalama au sifa yako ya kuendesha. Huo ni utaratibu, si vitisho. Ukihitaji muda wa kuleta cheti, mwombe hapo hapo: akiona kuna sababu ya msingi anaweza kukupa hadi siku 5. Kiingereza kikikusumbua mwambie unahitaji mkalimani wa Kiswahili kabla hamjaendelea. Kujibu "yes, yes" kwa swali usilolielewa kunaweza kukugharimu leseni.

Ikithibitishwa chanya na wewe unapinga, una saa 72 nyingine za kuomba chupa ya pili ipimwe kwenye maabara tofauti. Kuomba kwa mdomo kunatosha. Kampuni haiwezi kusema "lipa kwanza ndipo tupime". Inaweza kukudai baadaye, lakini kipimo hakisubiri hela yako. Ila jueni, chupa ya pili inasaidia kama maabara imekosea. Kama kweli dawa imo na cheti huna, itasema yale yale.

#5 Binti_Likoni

Asanteni sana kaka zangu. Naomba ufafanuzi wa dawa za nyumbani. Mtu ametoka Mombasa au Dar na sharubati ya kikohozi yenye kodeini, au tramado za mgongo. Amefika huko wiki ya pili kaitwa kipimo. Cheti cha huku kinakubalika?

#6 MamaFamasia

Binti, swali zuri, na jibu lake lipo kwenye kanuni zenyewe. Kwa vipimo vya uchukuzi MRO anaruhusiwa kukubali dawa ya nchi nyingine kwa masharti. Dawa iwe imepatikana kihalali kule ilikonunuliwa. Iwe ni dawa yenye matumizi ya tiba yanayotambulika. Na uwe umeitumia kwa ugonjwa ule iliokusudiwa. Likikosekana moja, hakuna maelezo. Kwa hiyo kama sheria ya kule inataka cheti na wewe ulinunua dirishani bila cheti, sharti la kwanza limeshavunjika.

Tatizo kubwa ni ushahidi. Nyumbani dawa nyingi hutolewa kwenye ile bahasha ndogo ya karatasi iliyoandikwa 1x3 kwa kalamu, bila jina la mgonjwa, bila jina la dawa, wakati mwingine bila hata tarehe. Bahasha ile kwa MRO haina maana. Kabla ya safari rudi hospitali uliyotibiwa, uombe barua au nakala ya cheti yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, jina la kitaalamu la dawa na si la kibiashara tu, miligramu, mara ngapi kwa siku, tarehe, jina la daktari, muhuri, na simu inayopatikana. Ambatanisha risiti. Paketi ya kiwandani usiitupe. MRO anawajibika kuhakikisha cheti ni cha kweli, na akipiga simu isipopokelewa unabaki na karatasi tu.

Kodeini ina mambo yake mwilini. Sehemu yake hugeuka mofini. Kwa hiyo aliyekunywa kodeini anaweza kutoa mkojo wenye vyote viwili, na siku za mwisho mofini inaweza kubaki peke yake. Usiogope ukiambiwa "mofini" wakati wewe ulikunywa ya kikohozi, MRO anaijua njia hiyo. Vivyo hivyo haidrokodoni huzaa haidromofoni, na oksikodoni huzaa oksimofoni. Lakini oksikodoni haizai haidrokodoni: una cheti cha oksikodoni na mkojo umeonyesha haidrokodoni, cheti hicho hakikusaidii.

Kwa kodeini na mofini kuna kinga nyingine. Kiasi kikiwa chini ya nanogramu 15,000, MRO hawezi kuthibitisha chanya mpaka awe na dalili za kitabibu kwamba umetumia opioidi isivyo halali. Kikifika 15,000 au zaidi, mzigo wa kueleza unakuwa wako. Haidrokodoni na oksikodoni hazina nafuu hiyo.

Tramado haimo kwenye makundi matano ya uchukuzi. Lakini kampuni binafsi zikiagiza kipimo kipana inaweza kuwemo, na Marekani ni dawa inayodhibitiwa tangu 2014. Anayeihitaji kila siku amwone daktari wa huko mapema, amwandikie upya au ambadilishie. Kutegemea shehena ya nyumbani si mpango.

#7 Kisu_Kikali

Sawa, nimekubali la mhudumu. Sasa na kidonge cha mke? Mgongo umeuma usiku, mke ana za kwake za upasuaji, nimemeza kimoja. Cheti kipo ndani ya nyumba.

#8 Semi_Trela

Kisu, hapo hakuna mlango. Cheti ni cha mtu, si cha nyumba. MRO hatakipokea, na hata EEOC inahesabu dawa ya mtu mwingine kuwa matumizi haramu, kwa hiyo ADA nayo haikukingi.

Niweke na mengine yanayoulizwa kila mara. Bangi ya cheti cha jimbo: kwa uchukuzi haikubaliki kabisa, na ADA haiilindi kwa sababu sheria ya shirikisho bado inaikataza. Mafuta ya CBD: Februari 2020 wizara ya uchukuzi ilisema wazi MRO hawezi kuyakubali kuwa maelezo, hata kama chupa imeandikwa haina kileo cha bangi. Chupa nyingi zinayo. Miraa: haimo kwenye makundi matano, lakini kathinoni iliyomo ndani yake iko kundi moja na heroini katika sheria ya Marekani. Hakuna daktari wa kukuandikia, na kusema ni mila yetu hakubadilishi kitu.

Cheti chako cha zamani? Kanuni za uchukuzi hazikuweka siku ambayo kidonge chako kinageuka haramu, ni uamuzi wa MRO. Ila vidonge vya jino vya mwaka juzi ukivimeza leo kwa goti, tarajia maswali, kwa sababu havikuandikwa kwa goti.

#9 Mkongo_Iowa

Bandugu, mimi naleta ya viwanda. Huku kwa nyama na maghala vipimo si vya DOT, ile wizara ya uchukuzi. Wanakupa kikombe chenye vijistari, dakika tano mtu wa HR, ofisi ya utumishi, anasoma mwenyewe: mstari haupo ndiyo chanya, nenda nyumbani. MRO hayupo, maabara haipo. Hapo mtu ashike nini?

#10 Mto_Ruvu

Ndugu, umegusa panapoumiza. Kanuni za Part 40 haziwahusu hao, na sheria ya shirikisho haimlazimishi kila mwajiri binafsi kuwa na MRO. Kinachobaki ni ADA pamoja na sheria ya jimbo, kwa hiyo jimbo lako ni muhimu kuliko kitu kingine chochote.

Iowa yako ina sheria nzuri kuliko wengi wanavyodhani, ni kifungu cha 730.5. Kinataka majibu chanya yathibitishwe kwenye maabara kabla ya kuchukuliwa hatua, na kinampa mwombaji kazi nafasi ya kutaja dawa zenye maana kwa kipimo, za cheti na zisizo za cheti. Huko ndiko jimbo lenyewe linakufungulia mlango wa kusema. Minnesota nayo: mwajiri hawezi kukupima kabla ya ofa yenye masharti. Ukiambiwa chanya una siku 3 za kazi za kupeleka maelezo, na siku 5 za kazi za kuomba sampuli ipimwe upya kwa gharama yako.

Popote ulipo, kikombe kikikuonyesha vibaya sema sentensi tatu na uziandike pia kwa barua pepe kabla siku haijaisha: naomba sampuli iende maabara ithibitishwe, nina maelezo ya kitabibu, nitayatoa kwa daktari na si kwa HR. Usitaje dawa. Barua pepe ina tarehe na saa. Ukija kuhitaji kuonyesha kwamba walikataa kukusikiliza, hiyo ndiyo silaha yako.

#11 MamaFamasia

Niongezee kwa nini maabara ni lazima, maana hili linawagusa watu wetu kuliko wengine.

Kikombe kile kinafanya kazi kwa kingamwili zinazotambua umbo la kemikali. Dawa yenye umbo linalofanana inaweza kukidanganya. Mashine ya maabara hupima uzito wa molekuli yenyewe, haidanganyiki na mfanano. Ndiyo maana kikombe ni mchujo tu.

Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, imejulikana kuvuruga baadhi ya vipimo vya mchujo vya opioidi. Wakimbizi wengi wakifika Marekani hukutwa na TB iliyolala na kupewa rifampisini miezi minne. Ni kipindi hicho hicho wanachotafuta kazi ya kwanza. Antibayotiki za jamii ya levofloksasini nazo zina tatizo kama hilo. Promethazini, ya mzio na kichefuchefu, na labetaloli ya presha ya wajawazito, zinaweza kuonekana kama amfetamini. Sertralini ya sonona imewahi kuonekana kama jamii ya diazepamu.

Nzito zaidi ni efavirenzi. Ni ARV iliyotumika sana kwetu kabla ya kuhamia vidonge vya dolutegraviri, na wapo bado wanaoitumia. Maelezo ya mtengenezaji yenyewe yanaonya kwamba inaweza kutoa chanya ya uongo ya bangi kwenye mchujo. Fikirieni mtu anayeambiwa na HR "una bangi", na maelezo pekee aliyonayo ni kutaja hali yake ya VVU mbele ya mgeni mwenye kikombe mkononi. Hapaswi. Hata kwa MRO huenda asihitaji: aombe uthibitisho wa maabara tu. Mashine itatafuta alama ya bangi, haitaikuta, majibu yatatoka hasi na siri yake itabaki yake. Wahudumu wa kliniki mnaosoma uzi huu, waambieni wagonjwa wenu wa efavirenzi jambo hili kabla hawajasafiri.

Kuna dawa ambazo hata mashine inaziona na ni sahihi. Baadhi ya vijiti vya kuvuta puani vya Marekani, kama vile vya Vicks vya zamani, vina methamfetamini ya mkono wa kushoto (molekuli ile ile, ila umbo lake ni kama taswira ya kwenye kioo), isiyolewesha. Maabara ya kawaida itaandika methamfetamini. Mwambie MRO aagize kipimo cha kutenganisha mikono miwili: ya kulia ikizidi asilimia 20, maelezo ya kijiti hayasimami.

#12 Binti_Likoni

Mama, ubarikiwe. La mwisho: fenobabitali. Nyumbani wagonjwa wengi wa kifafa wako nayo miaka na miaka. Na nani anapelekewa malalamiko mtu akinyimwa kazi?

#13 MamaFamasia

Fenobabitali haimo kwenye makundi matano, ila iko kwenye kipimo cha makundi kumi ambacho hospitali na nyumba za wazee hupenda. Inakaa mwilini muda mrefu, kuonekana wiki kadhaa baada ya dozi ya mwisho ni kawaida kwa anayeitumia kila siku. Asithubutu kuiacha ghafla ili apite kipimo. Kuikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo, na degedege hiyo huua. Apige kipimo akiwa kwenye dawa, ashike barua ya daktari, amweleze MRO.

#14 Mto_Ruvu

Malalamiko ni EEOC. Una siku 180 tangu siku uliyonyimwa kazi, na zinafika 300 kama jimbo lako lina ofisi yake inayosimamia sheria kama hiyo. Kufungua ni bure na huhitaji wakili. Wakikupa barua ya ruhusa ya kwenda mahakamani, una siku 90 za kufungua kesi. Mwajiri akiwa na watu chini ya 15, uliza ofisi ya haki za binadamu ya jimbo. Weka pamoja: tangazo la kazi, barua ya ofa, nakala yako ya fomu ya mkojo, barua pepe zote, picha ya lebo ya dawa yenye tarehe ya kabla ya kipimo. Lebo ya baada ya kipimo haisaidii.

#15 Semi_Trela

Binti, kwa kifafa na CDL kuna ukuta mwingine usiohusiana na mkojo. Uchunguzi wa afya wa dereva ni kitu tofauti kabisa, na kwenye fomu yake unaulizwa dawa zote na unasaini kwamba umesema kweli. Anayetumia dawa za kifafa hapiti kuendesha kati ya majimbo mpaka apate msamaha maalumu kutoka FMCSA, idara ya shirikisho ya usalama wa malori. Mkojo unaweza kutoka hasi na bado akakosa cheti cha afya.

Kwa wenye dawa nyingine kuna kanuni ya 2018 isiyojulikana sana. MRO akikuandikia hasi kwa sababu ya cheti chako, lakini akaona dawa yenyewe inatia usingizi na wewe ni dereva, hawezi kukimbilia kwa mwajiri siku ile ile. Anakupa siku 5 za kazi ili daktari aliyekuandikia ampigie, wazungumze kama dawa inaweza kubadilishwa. MRO haruhusiwi kuhoji kama daktari wako alikosea kukuandikia. Kwa hiyo siku hiyo hiyo mpigie daktari wako, umpe jina na simu ya MRO, na umwambie muuguzi wake kwamba ni siku tano tu. Ofisi za madaktari huko hurudisha simu baada ya siku mbili tatu, na wikiendi haihesabiwi.